Je, mmoja akose ili wengi wapate?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia minyoo, malaria, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza jambo lisilo na kidonge wala sindano. Hata hivyo linaingia wodini kila siku, na majumbani mwenu linaingia pia.

Walikuja kwetu ndugu wa mzee mmoja mgonjwa wa kisukari cha miaka mingi, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka kabisa. Hospitali yetu haina mashine ya kusafisha damu. Ilibidi apelekwe hospitali ya rufaa, akae mjini katika chumba cha kupanga, na damu isafishwe mara tatu kwa juma, kila mara masaa manne hivi, kwa muda wote utakaobaki wa maisha yake. Bima hakuwa nayo. Basi ndugu wakakaa kikao chini ya mwembe, nje ya wodi ya wanaume. Mali iliyokuwepo ni ng'ombe wawili na shamba la bondeni. Mdogo wake mgonjwa, mtu mwenye akili na mcha Mungu, alitugeukia akasema: "Sista," (wanatuita hivyo sote, hata sisi tulio na wajukuu) "hapa ni hesabu tu. Kaka ni mmoja, ana miaka sabini na moja. Wanaosoma kwa shamba lile ni sita. Tukiliuza tunamwongezea mmoja miezi michache, na sita tunawaharibia maisha. Afadhali mmoja aumie na wengi wapone. Au tunakosea?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwomba asubiri mpaka jioni. Lakini swali lake halikutuacha, na baadaye tulipolisoma tulikuta kwamba wazo lile lina zaidi ya miaka mia mbili katika vitabu vya maadili, na kwamba wamekuwepo wengi walioligomea. Kugoma kwao ndiko tunakotaka kujifunza leo.

MZIZI WA HESABU HII

Aliyelipa wazo hilo umbo la falsafa ni Mwingereza Jeremy Bentham, aliyezaliwa London mwaka 1748 na kufa mwaka 1832. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1789 alifundisha kwamba tendo ni jema likizidisha furaha na kupunguza maumivu, na ni baya likifanya kinyume. Unajumlisha furaha ya wote wanaoguswa, unatoa maumivu yao, kisha unachagua tendo lenye baki kubwa. Tuiite falsafa ya manufaa. John Stuart Mill, aliyemfuata, alirekebisha kidogo. Alisema furaha hazilingani ubora, na raha ya tumbo haiwezi kuwekwa sawa na raha ya akili.

Tusimdharau Bentham. Katika hesabu yake bwana na mtumwa walihesabiwa sawasawa, na hilo katika siku zake lilikuwa jambo zito. Alitetea hata wanyama wasiteswe. Tena katika wosia wake aliagiza maiti yake ipasuliwe ili madaktari wajifunze, wakati ambapo watu wengi waliogopa sana jambo hilo. Mifupa yake, iliyovikwa nguo zake mwenyewe na kuwekewa kichwa cha nta, imehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College. Sisi wauguzi hatuwezi kumchukia mtu wa namna hiyo.

Wala tusijifanye kwamba sisi hatuhesabu. Tunahesabu. Fedha za mwaka zikiwa chache, chanjo ya watoto elfu hutangulia kifaa cha gharama kitakachomsaidia mmoja. Ajali ya basi ikitokea, tunapita haraka kwa wote kabla ya kukaa na yeyote. Mwanafalsafa Philippa Foot wa Uingereza alitoa mfano mwaka 1967 ambao kila mtunza dawa ataujua. Mgonjwa mmoja anahitaji dozi kubwa ya dawa adimu ili apone. Kabla hajapewa, wanaingia wengine watano, na kila mmoja wao atapona kwa sehemu moja ya tano tu ya dozi ile. Wengi wetu tungewapa watano. Lakini, aliuliza Foot, kwa nini basi hatukubali kumwua mtu mmoja ili viungo vyake viwaponye wengine? Jumla ni ileile: amekufa mmoja, wamepona wengi. Kama hesabu ndiyo kila kitu, matendo haya mawili yangekuwa sawa. Na hakuna mama atakayemleta mwanawe kwetu kupasuliwa ngiri akijua kwamba tunaamini yako sawa.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza lilipo. Katika mfano wa dawa hatumfanyi yule mmoja kuwa kifaa. Angepona kwa njia nyingine tungefurahi wote. Katika mfano wa viungo tunahitaji kifo chake, kwa sababu ndicho kinachotupatia maini na figo. Wasomaji wa Injili watakumbuka shauri la Kayafa barazani, kwamba ni afadhali mtu mmoja afe kwa ajili ya taifa. Kwa hesabu tupu, Kayafa hakukosea kujumlisha.

MACON, ALABAMA

Mtu atasema, hiyo ni mifano ya vitabuni, hakuna daktari anayefanya hivyo. Tusimame hapa kidogo, kwa sababu habari ifuatayo inatuuma sisi wauguzi kuliko wengine.

Mwaka 1932 idara ya afya ya serikali ya Marekani ilianza uchunguzi katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, karibu na mji wa Tuskegee. Walichukuliwa wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Nia ilikuwa kuangalia kaswende inavyomla mtu isipotibiwa, ili elimu ya uganga iongezeke. Wale wagonjwa hawakuambiwa ukweli. Waliambiwa wana "damu mbaya". Walipotolewa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, ambalo ni jambo la maumivu, waliambiwa ni matibabu maalumu ya bure. Walipewa chakula siku ya kupimwa, na ahadi ya fedha za mazishi ikiwa familia itakubali maiti ipasuliwe.

Katika miaka ya 1940 penisilini ilipatikana, na kufikia mwaka 1947 ilikuwa ndiyo dawa inayokubalika ya kaswende. Wanaume wale hawakupewa. Uchunguzi uliendelea miaka mingine ishirini na mitano. Wake waliambukizwa, na wako watoto waliozaliwa na ugonjwa. Ulisimamishwa mwaka 1972 tu, baada ya mfanyakazi mmoja wa zamani wa idara hiyohiyo, Peter Buxtun, aliyekuwa amelalamika ndani bila kusikilizwa, kupeleka habari kwa waandishi wa magazeti. Mwaka 1997 Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa, na baadhi ya wazee waliobaki walikuwepo wakimsikiliza.

Aliyewaunganisha madaktari na wanaume wale kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa muuguzi, mwanamke mweusi wa hukohuko, Eunice Rivers. Aliwafuata kwa gari lake, aliwajua kwa majina, alikaa na familia zao kwenye misiba. Walimpenda. Mwaka 1958 serikali ilimpa tuzo kwa kazi yake. Tumejiuliza mara nyingi tungefanya nini tungekuwa yeye. Daktari amesema, serikali imeagiza, wagonjwa wanapata angalau chakula na dawa ya kikohozi ambayo jirani zao hawaipati. Tuseme kweli, nasi tumefundishwa kutii maagizo. Wako kati yetu waliowahi kunyamaza juu ya jambo dogo kuliko hilo, kisha wakajiambia kwamba mwishowe litawafaa wengi.

Wanaotetea falsafa ya manufaa wana jibu, na haki yao lisemwe. Wanasema hesabu ya Macon ilifanywa vibaya. Elimu iliyopatikana ilikuwa ndogo, mateso yalikuwa makubwa, na hasara ya watu weusi kupoteza imani kwa hospitali inaendelea mpaka leo. Bentham mwenyewe, wanasema, angekataa. Wengine wanaongeza kwamba tusihesabu tendo mojamoja bali kanuni: kanuni ya kutowadanganya wagonjwa huleta furaha nyingi kuliko kanuni ya kuwadanganya, basi tuishike hiyo.

Jibu ni zuri, lakini halitutoshi. Maana yake ni kwamba kama elimu ile ingekuwa kubwa, kama ingeponya maelfu, na kama siri isingefichuka kamwe, basi kuwadanganya wakulima 399 kungekuwa tendo jema. Sisi tunasema kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza, mwaka 1932, kabla hata ya penisilini, pale mtu mzima alipoambiwa uongo juu ya mwili wake mwenyewe. Kosa hilo halikungoja matokeo. Mwanafalsafa John Rawls wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1971, aliieleza kasoro hii vizuri. Mtu mmoja anaweza kukubali sindano leo ili apone kesho, kwa sababu atakayepona ni yeye yule aliyeumia. Falsafa ya manufaa inalichukua taifa zima kana kwamba ni mtu mmoja wa namna hiyo, kumbe anayechomwa ni huyu na anayepona ni yule.

KAMATI YA SEATTLE

Turudi kwenye figo. Mwaka 1960 Daktari Belding Scribner wa mji wa Seattle, Marekani, alibuni kibomba kidogo kinachoachwa mkononi, kikiunganisha mshipa unaotoka moyoni na ule unaorudi. Kabla yake, kila mara ya kusafisha damu ilikuwa lazima mishipa itobolewe upya, na baada ya muda mfupi haifai tena. Kwa kibomba kile mgonjwa wa figo zilizokufa angeweza kuishi miaka. Kituo kilifunguliwa mwaka 1962, lakini mashine zilikuwa chache mno na wagonjwa wengi.

Ikaundwa kamati ya watu saba ambao majina yao yalifichwa: mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na daktari mpasuaji. Wagonjwa waliokwisha kupitishwa na madaktari waliletwa mbele yao kwa karatasi. Kamati iliangalia umri, ndoa, idadi ya watoto, mapato, elimu, kazi, na hata kama mtu anahudhuria kanisani. Mwishoni mwa mwaka huohuo gazeti la Life lilitoa habari yao, na watu wengi walishtuka.

Kwa nini walishtuka? Watu wale saba hawakuwa wakatili. Walijaribu kuuliza nani akiokolewa jamii itafaidika zaidi, na hilo ndilo swali la Bentham. Lakini ukiuliza hivyo, mwenye kazi nzuri atamshinda kibarua, mwenye mke na watoto atamshinda mjane asiye na mtoto, na anayefanana na wanakamati atawashinda wote. Mgonjwa anakuwa kama chombo cha kubebea manufaa: kikijaa kinatunzwa, kikipungua kinawekwa kando. Tulipoisoma habari hiyo tuliwafikiria watoto wetu wenye utindio wa ubongo ambao mama zao huwabeba mgongoni mpaka kliniki, kilomita nyingi, kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Katika kamati ile wangepewa alama ngapi?

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya serikali kulipia usafishaji wa damu kwa karibu wagonjwa wote wa figo. Leo zaidi ya watu nusu milioni huko wanaishi kwa mashine hizo. Wapo wanaosema fedha hizo zingeokoa wengi zaidi mahali pengine, na pengine ni kweli.

KUPIMA KISICHOPIMIKA

Pingamizi jingine ni la mizani yenyewe. Furaha haina kilo. Jimbo la Oregon, hukohuko Marekani, mwaka 1990 lilipanga orodha ya matibabu ya maskini kwa kulinganisha gharama na faida ya kila tiba. Kompyuta ilipomaliza, kufunika jino lililooza kulikuwa juu kidogo ya upasuaji wa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na juu ya upasuaji wa kidole tumbo. Kwa hesabu ilikuwa sawa, maana jino ni bei rahisi, na kwa fedha za mama mmoja utafunika meno ya watu wengi sana. Muuguzi yeyote aliyewahi kumpokea mama mwenye mimba ya nje ya kizazi iliyopasuka, macho meupe kama karatasi, anajua kwamba hakuna idadi ya meno inayofikia hapo. Orodha ile ilibidi ipangwe upya.

Halafu kuna suala la ndugu. William Godwin, Mwingereza mwingine, aliandika mwaka 1793 kwamba nyumba ikiungua na ndani yumo Askofu Mkuu Fénelon wa Ufaransa, mwandishi maarufu, pamoja na mtumishi wake wa kike, na unaweza kumtoa mmoja tu, umtoe askofu kwa sababu vitabu vyake vitawafaa maelfu, hata kama mtumishi yule ni mama yako mzazi. Wasomaji walimjia juu. Katika toleo la baadaye akambadilisha mtumishi akawa mwanamume, labda baba au ndugu yako, kana kwamba hiyo ingepoza hasira! Tunadhani maaskofu wetu wenyewe wangetukemea tukimwacha mama ndani. Mtoto haokolewi na mama yake kwa sababu amepata alama nyingi. Anaokolewa kwa kuwa ni wake. Na kila mtoto anahitaji awepo mtu mmoja duniani ambaye kwake yeye hahesabiwi.

Tukubali lakini kwamba upendo huo nao una hatari yake. Nesi anayemwingiza shemeji yake kwanza huku foleni imejaa hawezi kujitetea kwa maneno haya. Wodini mgonjwa wa kila mtu ni wetu.

JIONI ILE

Sasa yule mzee. Jioni ndugu walirudi wakitaka jibu. Hatukuwaambia wauze shamba, wala hatukuwaambia wasiuze. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufuata matibabu yenye mzigo mkubwa kupita kiasi kwake na kwa jamaa yake; Papa Pius XII aliwafafanulia madaktari jambo hilo mwaka 1957. Kwa hiyo mdogo wake hakuwa amekosea kutaja gharama, wala kuwataja watoto wanaosoma. Gharama hupimwa. Lakini kikao kilikuwa kimepima miaka ya mzee, umri wake na faida yake iliyobaki, kama ile kamati ya Seattle, na mwenye mwili alikuwa amelala hatua kumi tu kutoka kwenye mwembe, dirisha likiwa wazi. Hakuna aliyemwuliza.

Tuliwaomba waingie, wawili tu, na sisi tukiwepo. Tulimweleza mzee ugonjwa wake kwa Kiswahili chepesi: figo hazitarudi, mashine haiponyi bali inasogeza siku, bila mashine ni siku au majuma machache. Tulimweleza bei. Mdogo wake aliinamisha kichwa. Mzee alisema, "Nilikuwa nawasikia tangu asubuhi. Mlikuwa mnapiga hesabu nzuri, ila mlinihesabu bila mimi."

Kisha akatoa shauri lake. Shamba lisiuzwe. Ng'ombe ni wake, aliwanunua kwa kahawa yake, basi wauzwe, naye aende mjini kwa fedha hizo mpaka zitakapokwisha, maana ana kijana wa mwisho aliyeko mbali ambaye waliachana kwa ugomvi, na anataka kumwona. Fedha zikiisha arudishwe nyumbani, padre aitwe, na sisi tusimwache aumie.

Wale ng'ombe walitosha majuma tisa. Kijana alifika katika juma la sita. Mzee alirudishwa nyumbani siku ya Alhamisi, tukawa tunakwenda kwa zamu, asubuhi na jioni, na dawa ya maumivu. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani.